Upana tuachiwe, mtaro msiuguse

Mleta uzi kauliza kwa nini vipimo vya barabara za mitaa vitoke juu wakati halmashauri ndo zinaijua mitaa yao, si ziachiwe zipange zenyewe. Mkuu mimi ni fundi sanifu, nimesimamia barabara za uswahilini hapa Dar miaka mingi, Temeke zaidi na Manzese kidogo, jibu langu waachiwe upana ila mtaro wasiuguse kabisa.

Kwanza komenti nyingi humu zinaitukana manispaa bure. Tangu 2017 barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na zile kubwa ziko TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, mkurugenzi wa manispaa hata akitaka barabara ya mtaani kwako iwe nyembamba hana pa kusaini, diwani ndo kabisa anaishia kupiga kelele kwenye baraza. Kwa hiyo kwetu wa kupewa uhuru ni injinia wa TARURA wa wilaya, akae na serikali ya mtaa wakubaliane. Marekani sheria yao ya FAST Act ya 2015 iliziruhusu serikali za mitaa kutumia mwongozo tofauti na wa jimbo lao, kwa masharti, maana leni ya futi 12 (kama mita 3.6) ya haiwei ilikuwa inaingizwa mpaka kwenye mitaa ya watu.

Sasa huku saiti mambo yako hivi. Mchoro unakuja na leni mbili, njia ya miguu huku na huku, mtaro huku na huku, kwenye karatasi safi kabisa. Unafika mtaani, ukuta kwa ukuta kuna sehemu mita saba na mbele kidogo mita nne, ili mchoro ukae inabidi upige X nyekundu ya kubomoa kwenye fremu za watu na hela ya fidia haipo, kubadilisha mchoro nako ni barua juu ya barua na huku mkataba unakaribia kuisha na greda la kukodi limesimama linakula hela. Basi wanakata kimyakimya pale pasipo na wa kulalamika. Njia ya miguu inapotea, mtaro wa sentimita 60 unageuka wa 40, lami inabaki na upana wake kwa sababu ndo inayopigwa picha siku ya uzinduzi. Masika ikija maji yanaharibu lami, mnasema mkeka mbovu.

Wangeruhusu leni moja ya pevingi yenye sehemu za kupishana, iandikwe wazi kwenye mchoro, mtaro ungebaki mzima. Na mtaro huwezi kuuachia kila mtaa ujiamulie, maji ya Manzese yanaingia Mto Ng'ombe, Ng'ombe unaingia Msimbazi, halafu tunashangaa Jangwani kujaa maji.

Kuna mdau kauliza gari la zimamoto litapita wapi. Lina kama mita mbili na nusu tu, linapita, kinacholizuia ni meza za chipsi na magari yanayolala barabarani.

Halafu huo uhuru watu wanajichukulia hata bila kupewa, mtoto akigongwa leo basi usiku wanamwaga zege, asubuhi unakuta tuta limekaa kama ngazi, bajaji inapasuka chasisi. Bora ile kazi ya Amend, shirika la usalama barabarani, kwenye shule za msingi hapa hapa Dar, matuta ya vipimo, njia za miguu, geti linahamishwa upande usio na magari mengi, vitu vya bei ndogo kabisa na 2019 wakapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross.

Wanaosema uhuru utawapa wakandarasi mwanya wa kula, huo mwanya upo tayari, upo kwenye zile sentimita 20 zinazokatwa kwenye mtaro. Pale kwenye bango la mradi, chini ya jina la mkandarasi na gharama, waandike na upana wa mtaro na wa njia ya miguu, mwenyekiti wa mtaa aje na futikamba apime kabla zege halijamwagwa.