Kufuli kwenye uzi: ushauri kwa anayeanza kutengeneza simulesheni

"Mjomba, nani analisukuma?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Kwenye skrini kulikuwa na duara dogo lililofungwa kwenye mstari, likibembea kushoto na kulia. Nilikuwa nimeliachia kwenye pembe ya digrii 20, na baada ya sekunde 10 tu lilikuwa limevuka digrii 30. Kila bembea ilipanda kuliko iliyotangulia. Kabla dakika mbili hazijaisha likapinduka juu kabisa na kuanza kuzunguka kama feni.

Nilikuwa nimehangaika na programu ile kwa siku mbili, nikikagua namba moja moja, na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Kitu kinachobembea hakipandi zaidi ya pale ulipokiachia. Kikipanda, kuna nishati inayoingia, na kama hakuna mkono unaokisukuma, basi inatoka kwenye hesabu zako.

Kama unataka kujifunza kuandika simulesheni za fizikia, yaani programu zinazoiga mwendo wa vitu, kwa kujifurahisha, nakushauri uanze na kitu hikihiki: kitu kizito kwenye uzi. Usianze na magari yanayogongana wala maji yanayomwagika. Uzuri wa uzi ni kwamba unaweza kuufunga nyumbani na kuona kama kompyuta inasema kweli. Mimi nilitundika kufuli kwenye msumari juu ya mlango, mita moja kutoka kwenye msumari hadi katikati ya kufuli (si hadi kwenye fundo, hapo wengi hukosea), nikaliachia na kuhesabu bembea 10 kwa saa ya simu (kwenda na kurudi ni bembea moja). Zilichukua sekunde 20 na kitu kidogo.

Msimbo wenyewe ni mfupi. Ninatumia Python, lakini lugha yoyote ya programu unayoijua inatosha:

mchapuko = -(g / urefu) * math.sin(pembe)
pembe = pembe + kasi * hatua
kasi = kasi + mchapuko * hatua

Mchapuko ni jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde. Hapo g ni mvutano wa dunia, 9.8, urefu wa uzi ni mita 1, na hatua, yaani muda kati ya hesabu moja na inayofuata, ni sekunde 0.01. Pembe lazima iwe katika radiani, kipimo kingine cha pembe badala ya digrii, kwa hiyo digrii 20 inaandikwa 0.349. Ukiandika 20, kompyuta haitalalamika, itakupa tu mwendo wa ajabu.

Namna hii ya kwenda mbele hatua kwa hatua aliichapisha mwanahisabati Leonhard Euler mwaka 1768, na mistari hiyo mitatu inaonekana haina kasoro. Ndiyo iliyolipandisha duara langu. Kwenye kila hatua, pembe inasogezwa kwa kasi ya zamani, kana kwamba kasi haibadiliki ndani ya hatua nzima. Kosa ni dogo sana, lakini kwa bembea halijifuti, linajilimbikiza upande uleule. Kwa namba nilizotaja, mwanzoni nishati inakua kwa takriban asilimia 10 kila sekunde.

Nilijaribu dawa mbili ambazo sikushauri uzitumie. Kwanza nilipunguza hatua hadi 0.001. Bembea ikatulia, nikafurahi, nikaenda kula chakula cha usiku. Niliporudi, duara lilikuwa linazunguka tena. Ukipunguza hatua mara kumi, ugonjwa unaenda polepole mara kumi, lakini upo. Pili nikaongeza ukinzani wa hewa, nikawa nabadilisha namba yake mpaka bembea ikaonekana sawa kwa macho. Hili la pili ni baya zaidi, maana nilikuwa nafunika kosa moja kwa kosa jingine. Ningebadilisha urefu wa uzi, mambo yote yangevurugika upya. Ukinzani uongeze baadaye, programu ikishakuwa nzima bila huo.

Dawa yenyewe ilikuwa kubadilishana nafasi kwa mistari miwili:

mchapuko = -(g / urefu) * math.sin(pembe)
kasi = kasi + mchapuko * hatua
pembe = pembe + kasi * hatua

Kasi inahesabiwa kwanza, kisha pembe inasogezwa kwa kasi mpya. Hakuna mstari ulioongezeka. Niliiacha ikimbie usiku kucha, na asubuhi duara lilikuwa bado linaishia kwenye digrii 20. Mwaka 1967 mwanafizikia Loup Verlet aliutumia mfumo ulio jamaa wa karibu na huu kufuatilia mwendo wa atomi 864 za gesi ya agoni kwenye kompyuta ya wakati huo.

Kwa hiyo kabla hujachora chochote, chapisha nishati kwenye kila hatua. Kwa kila kilo moja ya uzani ni 0.5 * (urefu * kasi)**2, ukijumlisha g * urefu * (1 - math.cos(pembe)). Ukianza na digrii 20, jibu la kwanza ni 0.591. Kwenye programu yangu iliyopona, namba hiyo inacheza kati ya 0.58 na 0.60, inapanda na kushuka na bembea, lakini haiondoki hapo. Ile mbovu ilikuwa inapanda tu. Ningeichapisha tangu siku ya kwanza, kosa ningeliona ndani ya dakika moja. Mchoro unapendeza, nami naupenda, lakini jicho linasamehe mengi ambayo safu ya namba haisamehi.

Kisha nikafanya jambo lililonifurahisha kuliko yote. Fomula tuliyofundishwa shuleni inasema uzi wa mita moja hubembea kwa sekunde 2.007, hata uachie wapi. Simulesheni yangu ikasema 2.02 kwa digrii 20, na 2.15 kwa digrii 60. Nilidhani nimekosea tena. Kumbe fomula ile ni ya pembe ndogo tu, na programu haikuwa imeambiwa kurahisisha chochote. Tukaenda mlangoni, mimi na mpwa wangu. Yeye alishika simu, mimi nikaachia kufuli, bembea tano kutoka digrii 20, halafu tano kutoka digrii 60. Za pili zilichelewa kwa zaidi ya nusu sekunde. Akataka turudie, tukarudia mara sita.

Sasa tunatengeneza dunia ikilizunguka jua, kwa mistari ileile. Tunapima umbali kwa umbali wa dunia na jua, muda kwa miaka, na hapo nguvu ya jua inakuwa namba moja tu, 39.48. Dunia tunaianzishia kwa kasi ya 6.28, na baada ya mwaka mmoja inapaswa kurudi pale ilipoanzia. Safu ya nishati tayari iko upande wa kulia wa skrini; ameiandika yeye.