Picha ya mgongo haina shida, kwa nini natumwa kwa mwanasaikolojia?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41, naishi Morogoro. Huu mwaka wa pili kiuno kinaniuma. Nimepiga eksirei na MRI, daktari akasema hakuna kikubwa, kisha akaniandikia nionane na mwanasaikolojia. Anaona najifanyisha? Siku nikipata nafuu namaliza oda zote zilizolala, kesho yake siinuki kitandani.

JIBU: Pole sana, dada. Hapana, maumivu yako ni ya kweli. Picha huonyesha mifupa na diski (vile visahani laini vilivyo kati ya mifupa ya uti wa mgongo) zilivyokaa, haionyeshi maumivu. Wapo watu wengi wenye diski zilizotokeza wasioumwa popote, na wapo wanaoumwa vibaya ilhali picha zao ni safi.

Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu. Kufikia hapo, mara nyingi mfumo wa neva umeshakuwa mwepesi mno, kama kengele ya wezi inayolia paka akipita. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za maumivu huweza kuzuiwa au kupitishwa zikifika kwenye uti wa mgongo, na ubongo nao una sauti katika hilo. Nadharia yao imerekebishwa sana tangu hapo, ila hoja hiyo imebaki. Hofu, usingizi wa mang'amung'amu na mawazo ya ada ya shule huyakuza maumivu. Hapo ndipo mwanasaikolojia anapoingia.

Sentensi yako ya mwisho ndiyo ningeanza nayo kama ungekuwa mbele yangu. Unafanya kazi kwa kufuata maumivu: yakipoa unajimaliza, yakipanda unalala. Mwili unadhoofika, na ubongo unazidi kuamini kwamba cherehani ni adui. Fuata saa badala yake. Siku ya kawaida, angalia unakaa dakika ngapi kabla kiuno hakijaanza kukaza. Tuseme ni 20. Basi shona dakika 15, simu ilie, inuka, tembea hadi mlangoni, nyoosha mgongo, kata kitambaa ukiwa umesimama, ndipo urudi kukaa. Simu ikilia uinuke hata kama umebakiza upindo tu. Hapo ndipo wengi hushindwa, maana mteja yuko kwenye benchi anasubiri. Siku mbaya punguza muda, lakini usiache kabisa. Ongeza dakika mbili tatu kila wiki, si kila siku unayojisikia vizuri.

Mengine mtayafanya na mwanasaikolojia: wazo la "nitaishia kulemaa" linalokuja kiuno kikishtuka, kupumua taratibu, usingizi. Usitegemee maumivu yaishe yote. Kwa kawaida kinachobadilika kwanza ni kiasi cha kazi unachoweza, na maumivu hupungua baadaye, kwa wengine kidogo tu.

Kama unameza diclofenac, dawa ya maumivu, ya dukani kila siku, mwambie daktari. Ikitumika muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kukojoa au kuzuia mkojo au haja kubwa, au mguu ukaishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa, au kupungua uzito bila sababu, navyo vinahitaji daktari akupime upya kabla ya kuendelea na mazoezi haya.