Filamu ya kisa cha 1890: msikimbilie magofu ya Kilwa, njooni Mikindani

Ndugu uliyeuliza mahali pa kushuti filamu itokanayo na riwaya yenye kisa cha mwaka 1890, ukasema mmeshaipenda Kilwa Kisiwani, naomba mfikirie tena. Nimefanya seti ya filamu ya aina hiyo huku Mtwara, upande wa useremala na rangi.

Husuni Kubwa, kasri la hapo Kilwa Kisiwani, ni jengo la karne ya 14. Mwaka 1890 lilikuwa gofu zamani sana. Mkimkalisha tajiri wa kisa chenu mle ndani anakunywa kahawa, mtu wa Kilwa atawashangaa. Kisa chenu kinataka mji wenye watu, na mji huo ni Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini: kuta za matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, vichochoro vya kwenda pwani. Ila kamera isipande kilimani. Boma la Wajerumani lilijengwa 1895, na ninyi bado mko 1890.

Kibali cha Bodi ya Filamu kiombeni mapema, kisha mkae na wenye nyumba na mwenyekiti wa mtaa kabla ya kushusha hata ubao mmoja.

Pengo kati ya nyumba mbili tuliliziba kwa ukuta wa plaiwudi. Mwanzo tuliupaka rangi nyeupe ya dukani, ukang'aa kama zahanati mpya. Mzee mmoja, fundi chokaa, akatuambia, "Wanangu, bandueni." Tukakandika chokaa na mchanga kwa viganja, bila mwiko. Ulipokauka tukamwaga maji ya udongo mwekundu kutoka juu, yatiririke yanavyotaka. Chini, usawa wa goti, tukakwangua na kupaka majivu, maana ndipo chumvi hula ukuta wa kweli. Mzee alipopita jioni aliugusa kwanza ndipo akajua upi ni wetu.

Mwongozaji alitaka pia kinyago cha mpingo barazani, kile cha watu waliobebana. Nilikataa. Mtindo ule Wamakonde waliuanza katikati ya karne ya 20. Lipiko, kinyago chao cha kuvaa kichwani, ni la kale, lakini ni la jandoni, si pambo la kutundika ukutani. Tukaweka mkeka na mtungi, basi. Nguo nazo ziangalieni: kanga zenye maneno zilikuja baadaye, wavisheni kaniki, kitambaa cheusi cha pamba, na merikani, kile cheupe kisicho na urembo.

Siku iliyotuuma ni ya jahazi. Ratiba ilisema litie nanga saa nne asubuhi. Tukafika na waigizaji wote, tukalikuta limelala ubavu topeni. Ilikuwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na kwetu siku za bamvua saa nne asubuhi maji yamekupwa kabisa. Wavuvi wote wa pale walilijua hilo, hatukuwauliza. Lenu lipangieni saa kumi jioni, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndipo maji yanapofika karibu na nyumba.