Chama Kisicho na Kadi

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi kule Tukuyu, na kadi yake ya CCM aliihifadhi ndani ya Biblia. Kwake chama kilikuwa kitu cha kushikika: kadi, ada, shati la kijani, na mzee wa tawi anayejua nani kalipa na nani anakwepa. Nilipofika Columbus, Ohio, Septemba 2008 kwa bahati nasibu ya grini kadi, nilikuwa na picha hiyohiyo kichwani. Miaka sita baadaye, kwenye usaili wa uraia, ofisa akaniuliza vyama viwili vikuu vya siasa Marekani ni vipi. Nikajibu haraka, Democrat na Republican, akaweka tiki. Majina nilikuwa nayo. Kwamba huku hakuna kadi, hakuna ada, wala mzee wa tawi, hilo sikuulizwa, na kutolijua kulinigharimu.

Kila ukikaribia uchaguzi napigiwa simu na vijana wetu walioapa uraia juzijuzi. "Kaka, mimi naona niko upande wa Republican, naanzia wapi?" Wanaongea chinichini, kama mtu anayeulizia dukani dawa ambayo hataki jirani aijue. Nimejibu mara nyingi mno kwa simu. Leo naandika.

Kwanza nieleze nilivyofika kwa Republican, maana wenzangu wengi wananiona kibaraka wa wazungu. Baada ya miaka ya kubeba boksi ghalani nilipata leseni ya malori makubwa, na mwaka 2015 nikanunua lori langu la kwanza, kuukuu, lenye maili zaidi ya laki sita. Barabara ya I-70 kwenda Indianapolis na St. Louis ni ndefu na redio ndiyo msafiri mwenzako. Kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa alikuwepo Rush Limbaugh, mtangazaji wa kihafidhina. Mara nyingi alinikera, na alivyokuwa akimsema Obama kuna siku nilizima redio kwa hasira. Lakini katikati ya kelele zile nilisikia mambo ambayo baba angeyaitikia kwa kichwa: kwamba mtoto ni wa wazazi wake kabla hajawa wa serikali, na kwamba anayevuja jasho ana haki ya kuulizwa kabla jasho lake halijagawanywa. Siku nilipolipia lori dola 550 za kodi ya mwaka ya magari mazito, juu ya kodi ya mafuta ninayopigia hesabu kila robo mwaka kwa kila jimbo nililopita, nilielewa zaidi ya alivyonieleza Limbaugh.

Halafu yakaja ya shule. Mwaka 2023 bunge la Ohio lilipanua vocha za EdChoice, na familia kama yangu ikaweza kupata zaidi ya dola 6,000 kwa mtoto wa shule ya msingi na zaidi ya 8,000 kwa wa sekondari, umpeleke shule binafsi unayoitaka, ya Kikatoliki au ya Kiislamu. Majirani zangu Wasomali walishangilia pamoja nami. Aliyepitisha ni bunge la Warepublican. Kwa hiyo sikuokota uhafidhina wangu kwenye kofia nyekundu za mashabiki wa Trump. Napinga utoaji mimba, naamini mpaka wa nchi ni mpaka, naamini familia, na ningeyaamini haya hata kama Republican ingefutwa kesho.

Sasa kosa langu. Machi 15, 2016 ilikuwa siku ya kura za mchujo Ohio, zile ambazo nyumbani CCM wanaziita kura za maoni. Nilikuwa na mzigo wa kupeleka Missouri, nikajiambia uchaguzi wenyewe ni Novemba, haya ya sasa ni ya wenye chama. Wagombea urais wa Republican walianza 17 mwaka ule. Gavana wetu John Kasich alishinda Ohio na kuchukua wajumbe wote 66 wa mkutano wa kumteua mgombea, na halikupatikana jimbo jingine alilolishinda. Donald Trump, aliyekuwa amejiandikisha kama Democrat mwaka 2001 na kurudi Republican mwaka 2009, akachukua chama kizima bila hata kufikisha nusu ya kura zote za mchujo nchini. Kwetu angeanza kwa kuulizwa kadi yake na miaka aliyoitumikia. Huku hakuna wa kumuuliza, kwa kuwa waulizaji ni wapiga kura wa mchujo, na wengi wao, kama mimi, walikuwa barabarani.

Novemba nikasimama mbele ya mashine nikiwa na watu wawili ambao sikumtaka hata mmoja. Nilichokifanya ni siri yangu na Mungu. Mke wangu ameuliza mpaka amechoka.

Ndiyo maana jibu langu kwa kila anayenipigia ni lilelile: nenda kwenye mchujo. Viti vingi vya bunge, la jimbo na la Washington, vimekatiwa mipaka kiasi kwamba Novemba mshindi anajulikana kabla kura hazijapigwa. Penye ngome ya Republican, mchujo wa Republican ndio uchaguzi. Penye ngome ya Democrat, vivyo hivyo kwao. Na mchujo watu hawaendi. Agosti 2022, baada ya ugomvi mrefu wa mipaka ya majimbo ya uchaguzi, Ohio ilifanya mchujo wa pili, hasa kwa ajili ya bunge la jimbo. Hawakufika hata mmoja kwa kila wapiga kura kumi walioandikishwa. Miongoni mwa waliochaguliwa kupitia mlango ule wamo waliokuja kupitisha vocha za watoto wangu.

Utaratibu wa Ohio ni rahisi hadi unatia shaka. Hujiandikishi kwa chama. Unafika kituoni na kitambulisho chenye picha, mhudumu anakuuliza unataka karatasi ya chama gani, unajibu, basi. Mara yangu ya kwanza mhudumu alikuwa bibi mmoja mwenye miwani yenye mnyororo. Alinitazama, akasoma jina langu kwa taabu, na kabla sijafungua mdomo kidole chake kilikuwa kimeshaelekea kwenye neno Democrat pale kwenye kompyuta yake. Nikasema, "Republican, bibi." Akaniomba nirudie. Nikarudia, safari hii kwa sauti ya kanisani, na foleni nzima nyuma yangu ikasikia. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Wewe jiandae, maana chama utakitaja kwa mdomo wako mbele ya majirani.

Lakini usidhani kila jimbo ni Ohio. Texas nao hawaandikishi kwa chama. Pennsylvania, kama hukujiandikisha Republican au Democrat mapema, mchujo wao utautazama dirishani. Na ndugu zetu Wakongo wa Louisville wajue kwamba Kentucky anayetaka kubadili chama sharti abadili kabla mwaka wa uchaguzi haujaanza, mwisho Desemba 31. Nina rafiki aliyegundua hilo Mei.

Na neno moja kwa wenye grini kadi ambao hamjaapa, hili halina utani. Ofisi ya leseni za udereva inaweza kukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Sema hapana. Anayeuliza huenda asikague uraia wako muda huo, anajaza fomu tu. Fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na wapo waliokwama hapo, wengine wakafikishwa mbele ya jaji wa uhamiaji kwa ajili ya alama moja waliyoweka bila kusoma.

Tukirudi kwenye chama. Karatasi uliyochukua kwenye mchujo haionyeshi uliyempigia, lakini inabaki kwenye rekodi ya umma kwamba ulichukua ya Republican au ya Democrat. Watu wa kampeni wanazo orodha hizo. Nilijifunza thamani yake mwaka 2024.

Springfield iko magharibi yetu, chini ya saa moja kwa I-70. Nimepakia na kushusha mizigo pale miaka mingi, na Wahaiti wameingia kwa maelfu kufanya kazi viwandani na maghalani. Kijana aliyekuwa akinishushia mizigo kwa foklifti alikuwa Mhaiti, Kiingereza chake cha shida kama changu cha 2008, na hakuwahi kunichelewesha. Septemba 10, kwenye mdahalo na Kamala Harris, mgombea wa chama changu akasema mbele ya dunia nzima kwamba watu wale wanakula mbwa na paka wa wenyeji. Haikuwa kweli. Gavana wetu Mike DeWine, Republican aliyezaliwa Springfield hapohapo, alisema wazi kwamba si kweli. Zikafuata simu za vitisho vya mabomu, zote za uongo, shule zikafungwa na kufunguliwa, gavana akapeleka askari wa jimbo kulinda watoto.

Wiki ileile, kwenye geti la ghala moja nje ya mji, mlinzi aliyezoea kunipungia mkono aliniuliza kama mimi ni Mhaiti. Nikamwambia ni Mtanzania. Akajibu, "Aa, kama ni hivyo sawa." Hilo "kama ni hivyo" nililibeba hadi Indianapolis, zito kuliko mzigo.

Usiku ule nilipigia ofisi ya mbunge wangu wa jimbo na kuacha ujumbe. Nilijitaja jina na mtaa, nikasema nimepiga kura kwenye kila mchujo wa Republican tangu 2018, na nataka kusikia mbunge wangu akisema alichosema gavana. Kesho yake alinipigia msaidizi wake, akaongea nami dakika ishirini. Sikupata nilichotaka. Lakini alikuwa na rekodi yangu mbele yake, aliitaja mwenyewe. Kaka yangu wa Minneapolis ambaye hutukana vyama vyote Facebook hajawahi kupigiwa na mtu.

Watu huniuliza kwa nini sikuhama. Jibu ni kwamba ningehamia wapi na imani hizi? Na pia chama hiki nakikumbuka kikiwa kingine. Sheria ya 1990 iliyoleta bahati nasibu iliyonileta mimi ilitiwa saini na Bush baba. Ile ya 1986 iliyowapa karatasi watu milioni mbili na zaidi waliokuwa wakiishi bila vibali ilitiwa saini na Reagan. Februari 2008 nilikuwa Dar nikisubiri viza yangu, Bush mwana akaja kwa Rais Kikwete, na kina mama wakampokea wakiwa wamevaa vitambaa vyenye picha yake. Haikuwa kujipendekeza tu. Mpango wake wa UKIMWI, PEPFAR, aliouomba mbele ya Bunge la Marekani mwaka 2003, ndio uliomfikishia shangazi yangu dawa za ARV alipokuwa ameshaaga ndugu. Shangazi yu hai, analima viazi. Januari 2025 misaada ya nje iliposimamishwa ghafla, yeye ndiye aliyenipigia kuuliza kama "chama chako" kimemsahau. Mimi ni mtu wa kubana matumizi ya serikali, na nakubali fedha nyingi za misaada ziliishia kwenye semina na posho. Ila kubana matumizi kuna mpangilio wake. Hata mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji humpa notisi. Nilimwambia mbunge hivyohivyo.

Kuna wakati pia nimepiga kura kinyume na chama, na nikalala usingizi. Agosti 2023 Warepublican wa Ohio walileta Hoja Namba 1, kutaka katiba ya jimbo isibadilishwe bila asilimia 60 ya kura. Walijua kura ya haki ya kutoa mimba inakuja Novemba. Na ni walewale ambao miezi michache nyuma walikuwa wamefuta chaguzi nyingi za Agosti wakisema ni upotevu wa fedha. Napinga utoaji mimba, lakini hata kwenye bao huwezi kuongeza mashimo mwenzako akiwa amenyanyua kete. Nikapiga Hapana, pamoja na asilimia 57 ya wenzangu. Novemba nikapiga Hapana tena, sasa dhidi ya utoaji mimba, na tukashindwa kwa asilimia 57 hizohizo. Mchungaji wangu hakufurahishwa na ile ya Agosti. Tunasalimiana.

Mambo madogo mawili kabla sijasahau. Ukimchangia mgombea kwa simu, soma visanduku vyote kabla ya kubonyeza. Nilimpa mmoja dola 25, sikuona kisanduku kilichokuwa kimeshawekewa tiki cha kuchangia kila mwezi, na mke wangu ndiye aliyeuliza benki miezi mitano baadaye huyu mtu ni nani. Na kwenye kikundi cha WhatsApp cha misiba na harusi, siasa usiziingize. Mimi nilitolewa mwaka 2020, nikaukosa mchango wa msiba wa mtu niliyempenda kwa sababu sikupata taarifa. Nimerudishwa, na siku hizi naandika "Pole sana" na "Hongereni" tu.

Machi 19, 2024 nilimchukua binti yangu kwenda kwenye mchujo. Alikuwa na miaka 17, na Ohio humruhusu kuchagua wagombea wa chama kama atafikisha 18 kabla ya siku ya Novemba. Kituo kilifunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulikuwa wa nne kwenye foleni. Miaka yote nilikuwa nimemhubiria: nenda kwenye mchujo, sema kwa sauti, usiogope foleni. Bibi wa miwani yenye mnyororo bado yupo. Aliniona, akatabasamu, akanipa ya Republican bila kuuliza mara mbili. Kisha akamgeukia binti yangu, kidole kikiwa kimeshaelekea palepale nilipochagua mimi.

"Democrat, tafadhali," akasema mtoto, kwa sauti ya kanisani.