Zombie si wimbo wa misukule: hit za miaka ya 90 na zilikotoka

Mleta mada ameuliza mambo mawili: je, ni kweli Zombie ya The Cranberries ni wimbo wa misukule kama alivyoambiwa, na je, hit za Wazungu za miaka ya 90 zina kisa chochote nyuma yake au ni kelele za magitaa tu? Mimi napiga gitaa kwenye bendi ya kopi (tunapiga nyimbo za wengine), hotelini Nungwi, Zanzibar, na nyimbo hizi ndizo wageni wanazoziomba kila wiki. Nitajibu kwa zile ninazozijua vizuri.

Tuanze na Zombie, maana hakuna msukule humo. Jumamosi ya tarehe 20 Machi 1993 mabomu mawili yaliyofichwa kwenye mapipa ya taka yalilipuka kwenye mtaa wa maduka mjini Warrington, Uingereza. Kesho yake ilikuwa Siku ya Mama kule, watu wametoka kufanya manunuzi. Mtoto wa miaka 3 alifia palepale, na mvulana wa miaka 12 akafariki siku chache baadaye. Waliotega walikuwa IRA, kundi lililobeba silaha kuutoa utawala wa Uingereza Ireland ya Kaskazini. Dolores O'Riordan, mwimbaji wa The Cranberries, alikuwa Muayalandi wa Limerick, na wakati ule bendi yake ilikuwa ziarani hukohuko Uingereza. Kilichomkera ni kwamba watoto wale waliuawa kwa jina la Waayalandi, yeye akiwemo, na hakuna aliyemuuliza. Wimbo huo aliuandika peke yake, ingawa nyimbo nyingi za bendi ile aliziandika na mpiga gitaa wao, Noel Hogan. Ule mwaka 1916 unaotajwa ndani ni mwaka wa maasi ya Dublin dhidi ya Waingereza. Anachosema ni kwamba ugomvi ni uleule tangu enzi za mababu, na anayezika mtoto ni mama.

Sasa angalia walivyoutengeneza. The Cranberries walijulikana kwa nyimbo laini, Linger na Dreams. Kwa wimbo huu Dolores alitaka ngoma zipigwe kwa nguvu na magitaa yangurume, kwa sababu hasira ile haikuwa ya kubembelezwa. Ulitoka Septemba 1994, wiki chache tu baada ya IRA kutangaza kusitisha mapigano tarehe 31 Agosti. Video aliiongoza Samuel Bayer, yuleyule wa Smells Like Teen Spirit ya Nirvana, na wale askari wa doria na watoto wanaocheza mitaani unaowaona humo ni picha halisi za Belfast, Ireland ya Kaskazini.

Kwa wapiga gitaa: ni kodi (chords) nne, Em, C, G, D, zinazunguka mwanzo hadi mwisho. Kwa kuwa ni rahisi, bendi nyingi za kopi zinauvamia kwa fujo tangu ubeti wa kwanza, na hapo ndipo wanapouharibu. Kwenye rekodi ubeti unaimbwa chini, karibu na kunong'ona, kama mtu anayeongea msibani. Sauti inapasuka kwenye kiitikio. Mwimbaji wetu, dada mmoja wa Tanga, alikuwa anaupiga kelele mwanzo mwisho. Nilipomsimulia habari ya Warrington alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, kumbe huu ni wimbo wa kilio." Tangu siku hiyo anaanza chini, na wageni waliokuwa wanapiga soga wanageuka jukwaani. Na usishangae kuusikia ukiimbwa kwa shangwe baa. Mashabiki wa raga wa Ireland wenyewe waliuimba viwanjani Ufaransa kwenye Kombe la Dunia la 2023, na nchini kwao yakazuka mabishano kama ni sahihi. Mimi naona ni sahihi, mradi wanaoimba wanajua wanamwimbia nani.

Wa pili ni Creep ya Radiohead, vijana wa Oxford. Kodi zake ni G, B, C, kisha C minor (minor ni kodi yenye mlio wa huzuni, meja ni ya kuchangamka). Ukiwa kwenye G, sikio linategemea B minor. Wao wanakupa B meja, unahisi kitu kinapanda. Halafu C inageuka minor mikononi mwako na kila kitu kinazama. Sasa chukua The Air That I Breathe, iliyovuma na The Hollies mwaka 1974, iweke kwenye ufunguo uleule, upige. Safari ni ileile! Watunzi wake, Albert Hammond na Mike Hazlewood, waliliona hilo, Radiohead wakakiri, na majina ya wazee hao yakaongezwa kwenye utunzi wa Creep. Hammond amewahi kusema kwamba kwa vile vijana walikuwa wakweli, wao hawakudai wimbo wote.

Na ile mikwaruzo ya gitaa inayokuja kabla ya kiitikio, ambayo kila mtu anaisubiri? Jonny Greenwood, mpiga gitaa wa Radiohead, aliuona wimbo umepoa mno, hakuupenda, akaamua kulichapa gitaa. Mkono wa kushoto unazilaza nyuzi zisitoe noti, wa kulia unazikwangua kwa nguvu zako zote. Wimbo wenyewe ulipotoka 1992 haukufika mbali Uingereza. Uliinuliwa kwanza na redio za Israel, kisha za Marekani, ndipo ukatolewa upya nyumbani kwao 1993.

Linganisha na yaliyomkuta Richard Ashcroft, mwimbaji wa bendi ya The Verve, mwaka 1997. Fidla za mwanzo za wimbo wao Bitter Sweet Symphony zimetoka kwenye rekodi ya okestra ya Andrew Oldham, aliyekuwa meneja wa Rolling Stones, iliyopiga wimbo wa Stones, The Last Time, miaka ya 60. Hapa wanamuziki wetu wanaopenda kuchukua vipande wasikilize vizuri: rekodi ina mwenyewe, na utunzi una mwenyewe. The Verve walipata ruhusa ya rekodi. Utunzi ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Allen Klein, meneja mwingine wa zamani wa Stones, naye alidai wamechukua zaidi ya walichoruhusiwa. Mwisho wake mirabaha yote ya utunzi ikaenda upande wa Stones, na Mick Jagger na Keith Richards wa bendi hiyo wakaandikwa kama watunzi, ilhali kila neno la wimbo ni la Ashcroft. Ilichukua hadi Mei 2019, Klein ameshafariki, ndipo Jagger na Richards wakamrudishia haki yake. Zaidi ya miaka 20! Mimi naiita dhuluma, hata kama mikataba ilisainiwa.

Upande wa pop, wengi hawajui kwamba nyimbo walizokua nazo zilipikwa Stockholm, Sweden. Prodyuza Denniz PoP alipewa kaseti ya majaribio na kundi la Ace of Base, haikumvutia, lakini ikakwama kwenye redio ya gari lake. Akawa anaisikia kila anapoendesha, mpaka akagundua kilichomo. Ndiyo ikazaliwa All That She Wants. Alifariki 1998 akiwa na miaka 35 tu, na mwanafunzi wake Max Martin ndiye aliyeandika ...Baby One More Time ya Britney Spears, wimbo ambao kundi la TLC walikuwa wameukataa.

Na mdau aliyesema Natalie Imbruglia alijitungia Torn, hapana. Watunzi ni Anne Preven, Scott Cutler na Phil Thornalley. Uliwahi kuimbwa kwa Kidenishi na Lis Sørensen mwaka 1993, kisha bendi ya Preven na Cutler, Ednaswap, ikaurekodi 1995. Natalie aliupata 1997.

Nimalizie na Losing My Religion ya R.E.M., kwa sababu kuna mdau amesema kanisani kwao wamekatazwa kuupiga. Si wimbo wa kuasi dini. Mwimbaji wao, Michael Stipe, ameeleza kuwa ni wa mtu anayempenda mwenzake bila kujua kama naye anapendwa. Ulianzia kwa mpiga gitaa wao, Peter Buck, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza mandolini (ala ndogo ya nyuzi), akajirekodi huku anatazama runinga. Baadaye aliposikiliza tena akaukuta mle. Hatuna mandolini hapa Nungwi. Ninachofanya ni kubana kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya 5 na kupiga Em na Bm, zinasikika Am na Em zenye ule mlio mwembamba wa juu. Ubeti uanze hivyo, na mpiga besi asijaze sana.