Mama mkwe anaingia chumbani bila hodi

Shangazi, ninaishi Majengo, hapa Goma, katika nyumba ya mbao yenye chumba kimoja na saloni. Mama wa mume wangu alikimbia vita Masisi, huu ni mwaka wa pili yuko kwetu. Hatugombani. Lakini anaingia chumbani kwetu bila hodi: asubuhi kuchukua unga, mchana kuchaji simu, jioni kutafuta bidoni ya mafuta. Juzi alinikuta ninavaa, akakaa kitandani akaanza kunipa habari za sokoni. Usiku mimi na mume wangu tunaogopa hata kugeuka, maana mbao zinasema kila kitu. Yeye ananiambia nivumilie. Nifanye nini kabla sijamjibu mama vibaya?

Msomaji wa Majengo

Dada yangu, hebu soma tena barua yako. Unga, simu, mafuta. Mama huyo anaingia ghala, ila ghala lenyewe mmeliwekea kitanda.

Sisi wa Goma tunajua inavyotokea. Nyumba ndogo, wezi wengi, basi kila kitu cha maana kinakimbilia chumba cha baba na mama: gunia chini ya kitanda, makala ya kupikia nyuma ya mlango, karatasi za kiwanja ndani ya valizi. Mimi mwenyewe nililala miaka mitano na gunia la maharage miguuni, huku nikishangaa kwa nini watoto hawapigi hodi. Nani anapigia maharage hodi?

Kwa hiyo kwanza toa vitu. Mwambie seremala awatengenezee sanduku la mbao lenye kadena, likae kona ya saloni. Ufunguo mmoja wako, wa pili umpe mama mkwe. Ndiyo, mpe. Mtu aliyeacha shamba na jiko lake Masisi, ukimkabidhi unga umemrudishia cheo. Waya wa kuchajia nao uvute hadi saloni.

Halafu, yeye anavalia wapi? Habari za chumba chako umeniandikia, za kwake hukuziandika. Kama analala saloni na wajukuu, bila shaka anabadili kitenge gizani kabla hawajaamka. Nashuku anakaa kitandani kwako kwa sababu huo ndio mlango pekee wa ndani unaofungika. Mtundikie rido: kamba toka msumari hadi msumari, vitenge viwili vizito, nyuma yake matela yake na mzigo wake. Na wewe ukitaka kupita hapo, piga hodi, kwa sauti, watoto wasikie, usubiri mpaka aseme karibu.

Neno la kumwambia mama ni la mume wako. Ukilisema wewe, litawafikia ndugu zao likiwa limegeuka kuwa "mke amenifukuza". Aliseme yeye, kwa lugha ya kwao, wakiwa wawili, wala asikutaje. Halitamshangaza mama. Wazee wetu walikataza mzazi kukalia kitanda cha mtoto aliyeoa, na yeye amelelewa humo. Vita ndivyo vilivyochanganya malazi. Hiyo "vumilia" ya mume wako siipendi hata kidogo. Ni jibu la mtu anayetaka kulala.

Kuhusu mbao, hilo ni la mji mzima. Baada ya lava ya volkano Nyiragongo kuunguza mji 2002 tulijenga sana kwa mbao, nazo zikikauka zinaachana. Ziba nyufa kwa katoni. Kitanda kitoe kwenye ukuta wa saloni, kiegemee ule wa nje, na mume wako akaze boloti zake, maana mara nyingi kinachopiga kelele ni kitanda, mbao zinasingiziwa tu. Na mvua yetu hii ikianza kupiga bati, hata mchungaji wa jirani mwenye spika mbili hasikiki. Msiipoteze kwa usingizi.