Chatu kuvua gamba vipande vipande baada ya kuhamia Dodoma

Mkuu, kwa maelezo yako chatu wako akiwa Dar alikuwa anavua gamba zima kama soksi, tangu mhamie Dodoma mwezi wa sita linatoka vipande vipande na jicho moja limebaki na ngozi, na unapuliza maji asubuhi na jioni lakini wapi. Mimi nimelisha na kuwasafishia nyoka kwenye bustani moja ya wanyama ya mtu binafsi hukuhuku Dom, na hilo tatizo la kiangazi nalijua vizuri. (Natumaini kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, unacho, kama huna anza na hicho.)

Shida ni hewa kavu. Dar bahari iko pale, unyevu uko hewani muda wote hata usipofanya kitu. Huku mvua ni Desemba mpaka Aprili, ikikata ni upepo na vumbi mpaka Novemba huko. Sasa wewe umekuja na boksi lilelile, juu wavu mtupu na taa ya joto. Hewa ukiipasha joto bila kuiongezea maji inazidi kuwa kavu, inapanda inatokea kwenye wavu, inaingia nyingine kavu kutoka nje. Ukipuliza kioo kinalowa, baada ya muda mfupi kimekauka kimebaki na madoa meupe tu, si unajua maji ya huku yalivyo na chumvichumvi.

Kwa hiyo anza na wavu, ziba kama robo tatu kwa foili ya jikoni au plastiki ngumu ila isiguse taa, acha sehemu hewa ipite. Hilo peke yake utaona tofauti.

Halafu matandazo. Maranda ya mbao ya kufugia kuku achana nayo, mengi ni ya paini, yana harufu kali ya utomvu na vumbi, si mazuri kwa mapafu ya nyoka. Pumba za mpunga zikilowa zinaota ukungu. Gazeti ni safi kwa nyoka mgonjwa au mgeni unayemchunguza kinyesi, lakini halishiki maji kabisa. Tafuta kokopiti, yale matofali ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, waulize wauza miche. Loweka, kamua kwa mkono mpaka yasidondoshe tone, tandaza kina cha sentimita 8 hivi. Yakianza kukauka usipulize juu, mimina maji kidogokidogo kwenye pembe yashuke chini. Unachotaka ni chini kubichi, juu pakavu anapolaza tumbo, maana akilala kwenye majimaji siku nzima magamba ya tumbo yanakuwa mekundu yanatoa malengelenge, na hapo umetoka tatizo dogo umeingia kubwa. Kinyesi toa siku hiyohiyo.

Lenga unyevu wa asilimia 55 hadi 60, na macho yakianza kuwa ya ukungu kama maziwa panda mpaka 70 hadi amalize kuvua. Kipimo cha unyevu tumia cha dijitali, kiweke karibu na matandazo alipo nyoka, siyo kukibandika juu kwenye kioo. Kama hukiamini, weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, ilowanishe iwe uji mzito (isiyeyuke yote), ifungie na kipimo kwenye kopo lisilopitisha hewa usiku kucha, asubuhi kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 68 ujue kinapunguza 7.

Usiku wa mwezi wa sita na wa saba huku ni baridi, usije ukaongeza maji wakati joto liko chini. Ubichi na baridi kwa pamoja ndo mafua ya nyoka, utaona mapovu mdomoni na anapumua kwa mlio. Umeme ukikatika usiku ndo kabisa usiguse maji.

Sasa hilo jicho. Usibandue kwa kibanio wala kucha, unaweza kuliharibu jicho lenyewe. Muweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyozidi unene wake, dakika 20 hivi na usiondoke, kisha mwache apite mwenyewe katikati ya taulo lenye maji. Mabaki ya mwilini yatatoka, la jicho mara nyingi linatoka na gamba linalofuata ukisharekebisha unyevu. Lisipotoka na hilo la pili, mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyewahi kushika nyoka, ukikosa hapa Dodoma jaribu Morogoro, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wana hospitali ya wanyama, piga simu kwanza uulize kama wanapokea nyoka.